TUJIFUNZE: Adapta ya Waya kwa Mfumo wa Kumsaidia Dereva

Baadhi ya wenye magari ya umeme hutaka kuongeza kifaa kinachosaidia kushika leni na kupunguza mwendo. Mfano ni programu ya openpilot ya kampuni ya comma.ai ya Marekani, iliyotolewa bila malipo mwaka 2016. Kifaa hicho huunganishwa na gari kwa adapta ya waya. Adapta ikikosewa, breki ya dharura iliyokuja na gari inaweza kuzimika.

Adapta hufanya nini?

Kompyuta za gari huzungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ziitwazo CAN. Adapta huingia kati ya kamera ya gari na nyaya hizo kwa plagi zinazofanana na za kiwandani, hivyo hakuna waya wa gari unaokatwa. Ndani yake mna rilei: kifaa kikikosa umeme, rilei huirudisha njia ya awali na gari hubaki kama lilivyotoka kiwandani.

Je, gari langu linafaa?

Adapta haiongezi kile ambacho gari halina. Nissan Leaf yenye ProPILOT tayari ina usukani na breki zinazopokea amri za kompyuta. Leaf ya kizazi cha kwanza haina mfumo huo, usinunue adapta.

Hatua za fundi

1. Zima gari na ufungue waya hasi wa betri ndogo ya volti 12.
2. Usiguse nyaya za rangi ya chungwa. Hizo hubeba umeme wa betri kubwa, mamia ya volti, na huua. Plagi za manjano ni za mifuko ya hewa, ziache pia.
3. Kabla ya kufunga adapta, pima kila pini kwa mita. Ifike kwa pini yake pekee, isigusane na jirani.
4. Acha nyaya za CAN zikiwa zimesokotwa, na uweke fyuzi kwenye waya wa umeme.
5. Baada ya kufunga, gari likiwa bado limezimwa, pima kati ya nyaya mbili za CAN. Omu 60 ni sawa. Omu 120 yaonyesha upande mmoja haujaunganishwa. Karibu na sufuri, nyaya zimegusana, usiwashe gari.
6. Rudisha betri, chomoa kifaa, kisha uwashe gari. Taa ya onyo ikiwaka na kubaki, ondoa adapta na utafute kosa.

Kumbuka

Mfumo huu humsaidia dereva, haumpumzishi. Hautarajii matuta yasiyo na alama, bodaboda inayokatiza ghafla wala mbuzi barabarani. Macho yabaki mbele na mikono karibu na usukani.

Kabla ya kubadilisha chochote, uliza NTSA na kampuni yako ya bima. Jibu lao lipate kwa maandishi, kwa maana ajali ikitokea, dereva ndiye atakayeulizwa.