Mabaka ya Ng'ombe Si Cheti cha Nasaba

Mnunuzi akioneshwa mtamba mwenye mabaka meusi na meupe, huambiwa ni Friesian halisi, na wengi hulipa kwa kuamini macho. Macho hayatoshi. Chotara wa kizazi cha pili au cha tatu aweza kuwa na mabaka hayo hayo, ilhali maziwa hutegemea jeni nyingi zisizoonekana kwenye ngozi. Mfugaji hugundua kosa mtamba akishazaa, baada ya kumlisha miaka miwili na zaidi. Ndiyo maana tunashikilia kwamba usafi wa uzao huthibitishwa na maandishi: baba ni nani, mama ni nani, ndama alizaliwa lini. Daftari la kwanza la nasaba la ng'ombe wa Shorthorn nchini Uingereza lilichapishwa mwaka 1822. Daftari la nasaba la Kenya, Kenya Stud Book, lilianzishwa mwaka 1920.

Wapo wanaosema daftari hilo ni la wenye ranchi, kwamba ng'ombe wa gredi wa mfugaji mdogo hawezi kuingia humo. Utaratibu wenyewe unawajibu. Ng'ombe asiye na historia, mwenye sifa za uzao wake, huandikwa daraja la msingi; akipandishwa kwa fahali mwenye nasaba kamili, binti yake hupanda daraja, mjukuu hupanda tena, na kitukuu hufikia nasaba kamili, kila kizazi kikipandishwa hivyo hivyo. Hesabu yake ni nyepesi. Tukianza na ng'ombe mwenye nusu ya damu ya Friesian, bintiye atakuwa na asilimia 75, mjukuu 87.5, kitukuu 93.75. Safari hiyo huchukua takriban miaka tisa, na pengo moja la kumbukumbu laweza kuirudisha mwanzo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba cheti hakikamuliwi, na kwamba ng'ombe safi wa kigeni huteseka penye joto, malisho haba na ndigana kali. Ni kweli, na mfugaji wa nyanda kame hafanyi kosa akichagua Boran, Sahiwal au chotara. Lakini hata chotara mzuri hupatikana kwa kujua kiasi cha damu ya kila upande. Asiyejua huendelea kupandisha Friesian juu ya Friesian hadi ustahimilivu unapotea. Asiye na kumbukumbu aweza pia kumpandisha mtamba kwa baba yake mwenyewe, na ndama dhaifu wakizaliwa akalaumu mbegu. Nasaba iandikwe pamoja na kilo za maziwa, kwa kuwa moja bila nyingine ni nusu ya habari.

Kwa hiyo, mfugaji, ng'ombe wako akipandishwa, dai jina na namba ya fahali; zimechapishwa kwenye mrija wa mbegu. Ziandike na tarehe siku hiyo hiyo, na ndama akizaliwa mvalishe hereni yenye namba kabla hajachanganyika na wenzake.