Mwamkie Kwanza: Ya Kufanya na Kutofanya Unapopiga Picha za Alfajiri Nanighi

Kwa Kiswahili, kumsalimu mtu ni kumwamkia. Neno limezaliwa na kuamka, na lina sababu: aliyetangulia kuinuka humwendea mwenziwe amjulie hali, umelalaje, umeamkaje, ndipo siku ianze. Anayetaka kupiga picha za watu na viumbe wakiamka aanze na neno hilo. Hapa Nanighi, ukingoni mwa mto Tana, kati ya Garissa na Bura, vijana wana simu nzuri na wageni wanashuka na kamera kubwa. Alfajiri yetu inapigwa picha kuliko zamani, na nyingi ya picha hizo zimechukuliwa kama kitu kinachoibwa. Kwa hiyo masharti haya sikuyalegeza.

Usimpige picha mtu aliyelala, wala anayefumbua macho. Joto la huku huwatoa watu nje wakalala uani, juu ya mkeka au kitanda cha kamba, chandarua kikining'inia juu yao. Wewe unaona kitambaa chepesi chenye mwanga mzuri nyuma yake. Kwa aliye ndani, kile ni chumba, na mlango wake umefungwa. Mimi mwenyewe nilikosa hapo. Miaka ya nyuma nilimpiga picha mzee wa jirani akiinuka ndani ya chandarua, jua likianza kumgusa bega. Picha ilikuwa nzuri, nikampelekea kwa furaha. Aliitazama kitambo, akajifunika shuka hadi shingoni kana kwamba bado namwona, akanirudishia simu bila neno. Baadaye akaniuliza kama ningependa mkwe wangu anione mimi katika hali ile. Niliifuta pale pale mbele yake.

Kwa hiyo ngoja maji. Watu wetu hata salamu hawapendi kuipokea kabla ya kunawa uso, sembuse kamera. Mtu akishanawa, akishatawadha na kuswali kama ni mwenye kuswali, akaja zake kwenye moto, mwamkie. Akikuitikia kwa uchangamfu, omba. Akikuitikia kwa mkato, weka simu mfukoni, mnywe chai.

Omba jioni, piga asubuhi. Hili ndilo sharti ninalolisisitiza kuliko yote, kwa kuwa mambo bora ya alfajiri hayangoji mazungumzo. Chukua mfano wa moto. Usiku mama amefukia makaa ndani ya majivu katikati ya mafiga. Alfajiri anayafukua kwa kijiti, taratibu, mpaka jicho moja jekundu litokee. Anaweka vijiti vikavu, anainama, anapuliza mara mbili tatu. Majivu yanaruka, moto unashika, na kwa muda mfupi uso wake wote unaangazwa kutoka chini huku kila kitu nyuma yake kingali giza. Sijui mwanga mzuri kuuzidi huo. Ukimkatiza uombe ruhusa, atainuka, atajitengeneza mtandio, na moto utakuwa umekwisha kushika. Nenda tangu jana yake. Kaa, eleza unataka nini na picha itakwenda wapi, na mwenye nyumba awepo. Asubuhi utakuwa mgeni anayengojewa.

Ukikosa picha hiyo, usimwambie arudie. Usimrudishe mtoto kitandani ajifanye anaamka, usimwambie mama afukie makaa upya. Picha ya kuamka iliyoigizwa inaonekana: macho huwa macho mno. Rudi kesho.

Fika kungali giza. Sisi tuko karibu sana na ikweta, jua letu hupanda karibu wima, na mapambazuko ni mafupi. Tangu uanze kutambua uso wa mtu mpaka jua lichomoze ni kama dakika 20, basi. Mwaka mzima jua hutoka kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili unusu, kwa hiyo huna kisingizio cha kutojua saa. Mto hapa unashuka kuelekea kusini. Ukisimama ukingo wa magharibi, jua linachomoza ng'ambo, mbele yako: hapo utapata vivuli vya mitumbwi na mikoma. Ukisimama ukingo wa mashariki linakuja kutoka mgongoni na kuziangaza nyuso za wanaoteka maji. Chagua ukingo wako siku moja kabla. Wakati wa kukimbia huku na huku hautakuwepo.

Usitumie flashi. Inaua kile kile ulichokifuata. Na usiiache simu ikugeuzie alfajiri kuwa adhuhuri: simu za siku hizi hupenda kung'arisha kila giza. Gusa pale penye mwanga kwenye kioo, shusha mwangaza mpaka weusi uwe weusi, egemeza simu juu ya dumu au kisiki isitikisike, uzuie pumzi.

Usimsimamie anayekama. Ng'ombe akishtuliwa na mtu asiyemjua huzuia maziwa, na hapo utakuwa umeinyima nyumba chai ya asubuhi. Kaa mbali, upande wa anayekama, uchutame. Usihesabu mifugo ya mtu kwa sauti, si ng'ombe wala ngamia. Ukiisifu, sema mashallah.

Ukingoni, simama juu. Kiboko hula nyasi usiku kucha na kurudi majini alfajiri hiyo hiyo unayoipenda wewe, kwa njia ile ile aliyoichimba kwa miguu yake. Ukiiona njia hiyo, ondoka. Usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Mamba naye hana haja ya kukuonya. Usipige magoti kwenye tope ili upate taswira yako ya mto ulivyotulia, na usimwombe mwanamke anayeteka maji abaki pale muda zaidi kwa ajili yako. Yeye anajua kwa nini anaharakisha.

Usiwaamshe wanyama. Usitupe jiwe mtini ili nyani wasogee, usicheze mlio wa ndege kwenye simu ili yule ndege ajitokeze. Kule chini ya mji wa Hola iko Hifadhi ya Nyani ya Mto Tana, iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana. Wote wawili hawapatikani popote duniani ila katika misitu hii ya ukingoni. Mnyama aliyebaki na kipande cha msitu kama hicho mwache aamke kwa wakati wake.

Kama unataka kiumbe kinachoamka bila kukuogopa, kaa chini ya mkwaju. Majani yake madogo madogo hukunjana usiku, kila jani na mwenziwe, kama viganja vilivyofumbatana. Mwanga ukija hufunguka. Hufunguka polepole kiasi kwamba jicho halioni mwendo, lakini kamera iliyotulia mahali pamoja, ikipiga kila baada ya dakika moja, inaona. Vijana wanaoanza huwa nawapa kazi hiyo kwanza, kwa wiki nzima, kabla sijawaruhusu kumkaribia mtu. Anayeweza kukaa na mkwaju mpaka ufunguke ataweza kungoja mama anawe uso.

Watoto: pasipo mzazi kukubali, hapana. Hili si suala la adabu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka idhini ya mzazi au mlezi, na Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuzisambaza picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Usiseme kwamba huku ni mashambani, hakuna atakayejua.

Vituo vya polisi, kambi za askari, vizuizi vya barabarani: usipige, hata kama jua linachomoza nyuma ya bendera. Usirushe droni bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Ukiwa mgeni, pita kwa chifu kwanza. Watu wa ukanda huu wameishi na hofu ya usiku kwa miaka mingi, na mtu asiyejulikana anayetembea gizani na kitu mkononi hapati nafasi ya kujieleza mara mbili.

Liko jambo moja ambalo vijana hunibishia. Husema: mbona Mohamed Amin? Wana haki ya kuuliza. Mpiga picha huyo, mzaliwa wa Nairobi, aliingia Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, na kamera yake ikawakuta maelfu ya watu kwenye uwanda wenye baridi, kukipambazuka, wakiamkia njaa. Wengine hawakuamka. BBC ilipozionyesha picha hizo tarehe 23 ya mwezi huo, misaada ilianza kumiminika kutoka pande zote. Hakuna chandarua pale, hakuna kunawa uso, na mimi siwezi kusema alikosea. Lakini dunia ilikuwa haijaiona njaa ile, na kwa wale watu picha ilikuwa kama kupiga ukelele. Mafuriko ya Tana ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, Kenya nzima iliyaona kwenye simu siku ile ile. Hata hivyo walikuja watu na kamera, alfajiri, wakaingiza lenzi kwenye hema za waliohamishwa kumpata mwanamke akiinuka kutoka sakafuni, mwanamke ambaye hata uani hana tena. Picha hiyo haikumletea blanketi. Kama unataka kuonyesha mafuriko, piga alama ya maji ukutani ilipofikia. Piga foleni ya madumu, au sufuria moja inayopikiwa familia tatu. Na ukiona kweli jambo lililofichwa, ambalo watu watakufa lisipojulikana, piga, ukijua kwamba utaulizwa.

Mwisho, rudisha picha. Itoe kwenye karatasi ukifika Garissa mjini, uilete. Hawa watu hawataiona kwenye intaneti, na kumtumia mjukuu kwenye simu si kumpa bibi yake. Mkabidhi mwenyewe mkononi, asubuhi, akishanawa uso, moto ukishashika.