Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini kwa Utaratibu

Mikopo isiyo na dhamana, maarufu kwa jina la "kausha damu", hupatikana kwa saa chache, lakini marejesho yake huweza kuielemea kaya kwa miezi mingi. Somo hili linaeleza hatua za kuchukua kabla mkopaji hajauza shamba au kukopa kwingine ili alipe mkopo wa kwanza.

Hatua ya kwanza ni kumtambua mkopeshaji. Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha, iwe kampuni au mtu binafsi, hupaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Mkopaji aombe kuiona leseni hiyo. Mikopo ya simu nayo haikuachwa nje: mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Hatua ya pili ni kuhesabu. Ukomo wa riba uliowekwa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, mkopo wa shilingi 200,000 wa miezi mitatu hauzidi riba ya shilingi 21,000. Anayetozwa asilimia 20 kwa mwezi atadaiwa riba ya shilingi 120,000. Mkataba, stakabadhi na ujumbe wa malipo ya simu vitunzwe vyote, kwani ndivyo ushahidi.

Hatua ya tatu ni kuijua mipaka ya mkusanya madeni. Kushindwa kurejesha mkopo ni shauri la madai, si jinai. Mkusanya madeni hana mamlaka ya kuingia nyumbani na kubeba godoro au cherehani bila amri ya mahakama. Hata amri ikitolewa, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inalinda nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko. Vitisho viripotiwe polisi. Mkopeshaji anayesambaza picha au ujumbe wa kumfedhehesha mdaiwa kwa jamaa zake alalamikiwe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Haki hizo hazifuti deni. Mkopaji aliyekwama amwandikie mkopeshaji mapema, ataje kiasi anachoweza kulipa kila wiki au mwezi, na abaki na nakala ya barua. Asiposikilizwa, awasilishe malalamiko Benki Kuu. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Afisa huyo pia hupokea maombi ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mikopo ya Halmashauri isiyo na riba. Mikopo hiyo ni ya kuendeshea shughuli za kikundi, si ya kulipia madeni ya awali; hivyo ni vyema kuiulizia kabla ya kubisha hodi kwa kausha damu.