Saa za Njiani: Somo kwa Vyama Wakati wa Mavuno ya Kahawa

Kibarua hulipwa kwa kazi aifanyayo shambani. Saa anazotembea kulifikia shamba hakuna azinunuaye. Hilo ndilo jambo la kuchunguzwa na wanachama wa Karagwe na Kyerwa.

Si jambo geni. Kati ya miaka ya 1920 na 1950 maelfu ya watu wa Ruanda-Urundi walikwenda Buganda kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa. Njia yao mojawapo ilipita upande huu wa Ziwa Victoria na kuvuka Mto Kagera hapo Kyaka. Wengi wao walikuwa vijana wa kiume waliohitaji fedha za kodi. Kazi ya mashamba ya nyumbani iliwaangukia wanawake, mzigo ambao haukuandikwa katika daftari lolote.

Siku hizi wachumaji wa kahawa ndio watokao mbali, baadhi yao kutoka ng'ambo ya mpaka. (Mwajiri wa mgeni asiye na kibali hujitafutia kesi, aulize mapema ofisi ya Uhamiaji.) Robusta ikianza kuiva, yapata mwezi Mei, haimngoji mtu. Ichukuliwe mfano wa mchumaji atembeaye saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, siku 6 kwa juma. Jumla ni saa 24, sawa na siku 3 za kazi ya saa 8. Kwa kuwa hulipwa kwa debe, hasara yote ni yake. Naye akipanda bodaboda, madebe ya kwanza huishia kwenye nauli.

Chama kinahusikaje? Mchumaji wa mbali hawezi kukopesha jasho lake. Hutaka ujira wake jioni ile ile. Mwenye shamba naye hana fedha mpaka kahawa ianikwe, ikauke, ifikishwe chamani na kulipiwa. Hapo ndipo butura hupata mlango, kahawa ikauzwa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Wengi husema butura huletwa na ada za shule na maradhi. Ni kweli, lakini ujira wa vibarua husahauliwa mno.

Katibu makini huorodhesha kabla ya msimu ni wanachama wangapi wataajiri, vibarua watatoka wapi, na fedha zitahitajika juma lipi. Majirani nao waweza kuchumiana kwa zamu, au kuwajengea wachumaji kibanda cha kulala.

Swali la mkutano: zile saa 4 za kila siku alipe nani, na kwa fedha zipi wakati kahawa ingali uanikani?