Waliolia Siku ya Msingi

Somo: Hagai 2:1-9, Ezra 3:10-13

Jumapili tulisoma habari za wazee waliolia siku ambayo wenzao walikuwa wakishangilia. Baada ya ibada wengi mliniuliza kama wazee wale walikosea. Nimeona tulirudie somo hili taratibu.

Hekalu la Sulemani lilibomolewa na Wababeli mwaka 586 KK. Waliorudi Yerusalemu waliweka msingi mpya mnamo 536 KK. Kwa hivyo aliyeliona hekalu la kwanza akiwa na miaka 10 sasa ni mzee wa miaka 60. Ezra anasema kilio na shangwe vilichanganyika hadi mtu asiweze kutenganisha sauti. Biblia haiwakemei wazee hao. Kitu kizuri kikiondoka, mtu hulia.

Shida ilikuja baadaye, kazi iliposimama. Kulikuwa na maadui, ndiyo, na pia kila mtu alikimbilia nyumba yake. Lakini ukifungua Hagai 2 unaona kuna kitu kingine kilichokuwa kinalegeza mikono. Angalia ile tarehe, usiiruke: mwezi wa saba, siku ya 21. Mwaka ni 520 KK, yaani miaka kama 16 tangu msingi uwekwe. Hiyo ni siku ya mwisho ya Sikukuu ya Vibanda, sikukuu ya mavuno. Na 1 Wafalme 8 inatuambia Sulemani aliweka hekalu lake wakfu mwezi huohuo. Sasa piga picha: mavuno ni mabaya, sura ya kwanza imeshasema. Watu wamekusanyika, ukuta haujafika popote. Mzee mmoja anaanza, "Nyinyi hamkuona! Enzi za Sulemani dhahabu ilikuwa kila mahali." Kijana aliyebeba jiwe analitua chini. Ya nini kujisumbua?

Mungu anajibu nini? Hawaambii wazee kwamba wanadanganya. Anauliza waziwazi nani aliiona ile ya kwanza, na anakubali kwamba hii mpya machoni pao si kitu. Kisha anasema wawe hodari, wafanye kazi, maana Yeye yuko pamoja nao. Halafu ndipo lile neno la fedha na dhahabu kuwa mali yake, ambalo sisi hulisoma wakati wa sadaka peke yake, ati kama halina jirani! Lilisemwa kwa watu maskini waliokuwa wanaona haya kwa udogo wa kazi yao.

Hapa Mombasa tunawajua watu hao. Tangu treni ya SGR ianze kubeba kontena kwenda Nairobi mwanzoni mwa 2018, si nyumba chache za washirika wetu zilizoguswa. Kuna ndugu mmoja, na ameniruhusu nimtaje bila jina, aliyekuwa karani kwenye yadi ya makontena. Alipunguzwa kazi. Alipewa nafasi nyingine mara mbili, akakataa, kwa sababu "kazi yangu inarudi." Septemba 2022 Rais alipoapishwa akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa, ndugu huyu alipiga pasi shati la kazi usiku uleule. Simu haikupigwa. Muda huo wote mama watoto alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, ndiyo yaliyolipa karo. Nilipomtembelea alinitolea kitambulisho chake cha yadi, kimehifadhiwa vizuri kuliko Biblia yake.

Sikumwambia asahau. Miaka 11 ya kazi safi haisahauliki, na kuna haki ambayo watu wa mji huu wana ruhusa ya kuidai. Nilimuuliza tu swali nililofundishwa chuoni nikisomea biashara: mwaka mpya unapoanza, faida ya mwaka jana inaandikwa wapi? Akajibu haraka, karani huyu, kwamba inaingia kwenye mtaji. Nikamwambia, basi ile miaka 11 ni mtaji, lakini wewe umeiandika kama mauzo ya mwezi huu, kila mwezi. Hakuna mwenye nyumba atakayepokea kodi ya leo kwa mauzo ya 2016.

Siku hizi anawasaidia wafanyabiashara wadogo wanaoagiza bidhaa nje kwa kuchangia kontena moja. Wengi hawajui kusoma karatasi za forodha. Yeye anazisoma kama gazeti. Anapata chini ya alichokuwa akipata. Siku nyingine bado ananyamaza meli kubwa ikiingia Kilindini. Lakini jiwe amelibeba.

Na kanisani je? Machi 2020 milango ilifungwa kwa ajili ya Corona. Tulipofungua Julai, ruhusa ilikuwa watu 100 na ibada ya saa moja. Wengine hawakurudi tena. Mpaka leo kuna kwaya inayoimba huku ikihesabu viti vilivyo wazi. Utasikia, "Kabla ya Corona kesha lilikuwa kesha," au wakubwa zaidi, "Mikutano ya Tononoka ya zamani ndiyo ilikuwa na moto." Huenda ni kweli. Lakini dada aliyeokoka mwezi jana anayasikia haya na kujiona amefika karamuni sufuria zikioshwa.

Na kuna kumbukumbu mbaya zaidi. Hesabu 11 inawataja Israeli wakilia kwa matango na vitunguu saumu vya Misri, ila mjeledi hawautaji. Tuchunge hata shuhuda zetu: dakika kumi za disko kwa furaha tele, Yesu anapewa nusu dakika mwishoni.

Nikipita Fort Jesus huwaza. Wareno waliianza 1593. Baadaye Waingereza wakaifanya gereza. Tangu 1960 ni makumbusho. Unalipa, unaangalia, unatoka. Hatua chache tu, kule Ndia Kuu, kuna nyumba kuukuu zenye milango ya nakshi, lakini pembeni kuna mita ya stima, watoto wanatoka na sare za shule, na mtu anauza kahawa barazani. Yote mawili ni ya kale. Moja watu wanaishi ndani.

Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani, someni Hagai 2 yote. Kila mmoja ataje jambo moja la zamani analomshukuru Mungu, kisha aseme ni kazi gani iliyo mbele yake sasa ambayo ameiacha kwa sababu inaonekana ndogo. Wazee waanze, na vijana wasiwakatize.