Usiisimamishe Ndege Angani

Mdogo wangu, barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Unasema leseni ya rubani binafsi unayo, sasa unatafuta cheti cha kuruka kwa vyombo, na kwa kuwa saa moja ya ndege inameza mshahara wako, ulinunua usukani wa kuchomeka kwenye kompyuta ukaanza kujifunza nyumbani. Miezi mitatu, kila usiku. Halafu siku mkufunzi alipokuvisha ile kofia inayokuziba usione nje, ndege ikakushinda, mwinuko ukapanda na kushuka futi 300, ukarudi nyumbani Nairobi unalia. Unaniuliza kama umepoteza wakati wako. Na mama naye haishi kusema kwamba unacheza gemu.

Pole sana, mpenzi. Hukupoteza wakati. Ila kuna neno umelipitisha haraka katikati ya barua: kwamba mambo yakizidi unabonyeza kitufe cha kusimamisha, unasoma chati kwa utulivu, kisha unaendelea. Hapo ndipo panapovuja.

Ndani ya wingu, kwa mwendo wa noti 90, kila dakika unayoitumia kutafuta masafa ya redio ndege imekwenda maili moja na nusu za baharini. Haikungojei. Kazi yenyewe ya kuruka kwa vyombo ni kugawa akili: macho yatoke kwenye upeo bandia, yaguse kipima mwinuko, yarudi, yaguse dira, yarudi, yaguse kasi, yarudi, wakati huohuo mkono unaweka masafa na mdomo unamjibu mwongoza ndege. Ukisimamisha, unajifunza kusoma chati, na unajifunza kurusha ndege, lakini hujifunzi kuyafanya yote mawili kwa pamoja. Mkufunzi wako alikupima kwenye huko kuyafanya kwa pamoja.

Sisemi usikiguse kitufe hicho kamwe. Siku unayokutana na chati mpya, au unapojifunza namna ya kuingia kwenye mzunguko wa kusubiri, simamisha, chukua kalamu, chora, elewa. Ila ukishaelewa, anza upya tangu mwanzo, na safari hiyo iende mpaka mwisho hata kama unaharibu. Hasa kama unaharibu. Kujitoa kwenye kosa ndege ikiwa inakwenda ni somo ambalo huwezi kulipata kwa njia nyingine.

Sasa kuhusu ile hofu iliyokushika chini ya kofia. Ndani ya sikio tuna mifereji yenye majimaji yanayotuambia tunageuka au hatugeuki. Ndege ikigeuka polepole na kuendelea kugeuka, majimaji hayo hutulia, na mwili wako unakuapia kwamba unakwenda sawasawa. Ukiinyoosha ndege, mwili unadai sasa umeinamia upande wa pili. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu wanafunzi 20 wasio na uzoefu wa vyombo, wakawanyima kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Kwa wastani ilichukua dakika tatu kasoro sekunde mbili. Wala usidhani cheti peke yake ni kinga: rubani wa helikopta iliyomwua mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na wenzake tarehe 26 Januari 2020 alikuwa nacho. Kwenye redio alisema anapanda, na wakati huo helikopta ilikuwa inageuka kushoto na kushuka kuelekea kilimani.

Hilo ndilo kompyuta yako haiwezi kukufundisha. Kiti chako cha nyumbani hakiinami, kwa hiyo sikio lako halijawahi kukudanganya hata mara moja katika miezi hiyo mitatu. Ulikutana na uongo huo kwa mara ya kwanza ukiwa na mkufunzi, na ukashtuka. Kila mtu hushtuka. Dawa yake ni ndege yenyewe, na mkufunzi pembeni, na saa za kutosha.

Lakini macho na utaratibu vinafundishika chini, na jambo hili si geni. Edwin Link, mtoto wa mwenye kiwanda cha vinanda mjini Binghamton, jimbo la New York, alichukua mivukuto ya vinanda vya upepo akaijengea sanduku lenye umbo la ndege ndogo, likawa tayari mwaka 1929. Mwanzoni wengi waliliona kama mchezo wa kwenye maonyesho, kama mama anavyoiona kompyuta yako. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wakafa kwenye mawingu na theluji, na mwaka huohuo jeshi likanunua masanduku sita kutoka kwa Link.

Basi, wiki hii fanya hivi. Weka mawingu kutoka ardhini hadi futi 10,000, usione chochote dirishani. Dakika kumi za kwenda sawa tu, mwinuko usikupotee zaidi ya futi 50. Inachosha, najua, na ndiyo sababu watu huiruka wakakimbilia kutua. Kisha migeuko ya digrii 3 kwa sekunde: duara zima likuchukue dakika 2 kamili kwa saa ya mkononi. Ikizidi au ikipungua, rudia. Ukifika hapo ndipo uingie kwenye mizunguko ya kusubiri, na uweke upepo wa pembeni, maana mzunguko usio na upepo hauna cha kukufundisha.

Kwenye kutua kwa ILS, yaani mfumo wa redio unaokuongoza kwenye mteremko hadi njia ya kutua, kuna hesabu ambayo watu wa nyanda za juu kama sisi tunapaswa kuishika vizuri. Kwa mteremko wa kawaida wa digrii 3, zidisha mwendo wako wa juu ya ardhi kwa 5 upate futi za kushuka kwa dakika. Mombasa, karibu na usawa wa bahari, kipima kasi kikisema 90 na upepo umetulia, unashuka futi 450. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na hiyo 90 unayoiona ni karibu 100 kwa kweli. Kwa hiyo ni 500. Ukishikilia 450 utabaki juu ya mteremko usijue kwa nini. Ruka njia zote mbili usiku mmoja, moja baada ya nyingine, tofauti hiyo itakuingia mkononi.

Halafu haribu vyombo. Programu nyingi hukuruhusu kupanga hitilafu zije bila taarifa. Kwenye Cessna 172 za zamani, pampu ya hewa ikifa, upeo bandia hauzimiki. Upeo huo hulala polepole, na wewe unaufuata mpaka unajikuta kwenye mgeuko. Nyumbani kosa hilo ni bure. Likufike hapo mara ishirini.

Saa hizi za kompyuta ya nyumbani hutaziandika kwenye kitabu chako cha saa, kwa sababu mashine hiyo haijaidhinishwa. Kiwango cha kimataifa ni saa 40 za vyombo, na kati yake 20 zinaweza kuwa za chini, au 30 ikiwa ni simuleta kamili iliyoidhinishwa. Unachokipata nyumbani ni kwamba kila saa ya ndege utakayoilipia haitatumika kutafuta masafa na kushangaa chati.

Na kwa wadogo zangu wengine mnaoisoma barua hii, ambao hata leseni ya kwanza bado: haya yote yaacheni kwa sasa. Mwanafunzi aliyeizoea skrini hufika kwenye ndege akikodolea vyombo, ilhali mkufunzi anataka aangalie nje, kwenye upeo wa kweli, na atafute ndege nyingine. Tabia hiyo ni ngumu kuitoa.

Nimebakiza la mama. Mpe kiti. Andika maagizo ya mwongoza ndege kwenye vikadi 20: geuka kulia hadi 270, panda hadi futi 9,000, subiri juu ya kituo, njia imefungwa, nenda Mombasa. Avichanganye, akusomee kimoja wakati wowote anaotaka, hasa mikono yako ikiwa na kazi, nawe umjibu kwa sauti kama unavyojibu redioni. Kibodi yenye kile kitufe ikae mapajani mwake. Mkimaliza mwezi mzima hujamwomba akibonyeze, niandikie tena.