NGUO INAYOVUKA MPAKA BILA JINA: LUBUGO, MAONYESHO YA KAZI ZA MIKONO NA KISWAHILI CHA BUSIA NA MALABA

Ikisiri

Nchini Uganda hutengenezwa nguo ya gome la mti ambayo kwa Kiganda huitwa lubugo. Katika miongo ya karibuni nguo hiyo imerudi hadharani kupitia maonyesho ya kazi za mikono, yakiwemo yale ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makala haya yanadai kuwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya soko la Busia na Malaba, bado hakijaipa nguo hiyo jina wala kitenzi cha kazi yake, na kwamba upungufu huo humnyima fundi heshima na mnunuzi maarifa. Mwandishi anapendekeza istilahi chache na kuzijengea hoja kwa kutumia sarufi ya Kiswahili chenyewe.

1.0 Utangulizi

Atembeaye katika mji wa Busia upande wa Kenya huzungukwa na nguo. Kuna vitenge, kuna leso, kuna mitumba iliyotandazwa chini, na kuna gomesi, vazi la akina mama lililochukua jina la fundi cherehani wa Kigoa aliyeitwa Gomes, ambalo sasa huvaliwa pande zote mbili za mpaka siku za posa, harusi na mazishi. Kila moja ya nguo hizo ina jina ambalo muuzaji na mnunuzi hulitamka bila kusita, hata kama mmoja ni Mteso wa Malaba, mwingine Msamia, na wa tatu ni Mganda aliyefika asubuhi kwa basi.

Lubugo haina bahati hiyo. Ikifika mbele ya mzungumzaji wa Kiswahili, mmoja ataiita "gome", wa pili "ngozi ya mti", na wa tatu atakimbilia Kiingereza. Swali la makala haya ni hili: je, nguo isiyo na jina katika lugha ya soko inaweza kupata thamani yake katika soko hilo?

2.0 Nguo isiyofumwa

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kitenzi "kufuma" hudhani kuwa kila nguo ni matokeo ya nyuzi zilizopishanishwa. Sivyo. Zipo nguo ambazo hazikupita katika kitanda cha mfumi. Ya kwanza ni felti, ambayo hutokana na sufu ya kondoo iliyolowanishwa kwa maji ya moto na sabuni, ikakandwa na kuviringishwa mpaka nywele zake zikashikana. Wakirigizi wa Asia ya Kati hutengeneza mazulia ya namna hiyo, na mwaka 2012 ufundi wao uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Inafaa kukumbuka kuwa majina ya Kikirigizi ya mazulia hayo, ala-kiyiz na shyrdak, yalibaki yalivyo katika orodha hiyo. Waswahili nao wameivaa felti kwa muda mrefu katika tarbushi. Lakini tulipokea jina la kofia tu. Jina la kazi iliyoizaa kofia hatukulipokea.

Ya pili ni lubugo. Mti wake ni mutuba, jamii ya mkuyu, ambao wanabotania huuita Ficus natalensis. Msimu wa mvua fundi huambua gome la ndani, kisha hulifunika shina kwa majani ya mgomba ili lipone na kuotesha gome jingine. Mti mmoja huweza kuvunwa tena na tena kwa miaka mingi. Gome hupigwa kwa nyundo za mbao zilizochongwa mifuo, kuanzia yenye mifuo mipana hadi yenye mifuo myembamba, na kila pigo hulitanua na kulilainisha. Kazi hii hufanyika chini ya kibanda kilicho wazi pande zote ili gome lisikauke upesi. Hatimaye nguo huanikwa juani na kupata rangi yake ya udongo mwekundu.

Katika ufalme wa Buganda, ukoo wa Ngonge ndio uliorithi kazi ya kuitengenezea nyumba ya kifalme nguo hiyo, chini ya fundi mkuu aitwaye Kaboggoza. Ya watu wa kawaida ilikuwa nyekundu. Ya wafalme na wakuu ilitiwa rangi nyeupe au nyeusi. UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika Orodha Wakilishi.

3.0 Safari ya maneno na deni la Kiswahili

Katika miaka ya 1840, enzi za Kabaka Suna II, wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani walifika katika kasri la Buganda. Misafara hiyo ya mwanzo haikupita Busia. Ilipitia Tabora na Karagwe, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Ilibeba nguo za pamba, na pamoja na nguo ilibeba maneno. Ndiyo sababu Kiganda cha leo kina kkanzu, leesu na kitambaala, maneno ambayo Mswahili huyatambua papo hapo kuwa ni kanzu, leso na kitambaa chake. Reli nayo, iliyopita Malaba na kufika Kampala mwaka 1931, iliongeza kasi ya shehena.

Pamba ilikuwa nyepesi, ilifulika kwa urahisi na ilikuwa alama ya usasa. Kidogo kidogo lubugo iliondoka mabegani mwa watu, ikabaki katika mazishi, matambiko, tiba za asili na kutawazwa kwa wafalme. Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II alipotawazwa mwaka 1993, nguo hiyo ilikuwepo. Aidha, makaburi ya wafalme ya Kasubi yalipoteketea kwa moto mwezi Machi 2010, ukarabati wake uliwahitaji tena mafundi wa lubugo, kwa kuwa pazia litenganishalo ukumbi na mahali patakatifu hutengenezwa kwa nguo hiyo.

Tukiitazama historia hii kwa jicho la isimu, tutaona jambo moja. Maneno ya nguo yalikwenda upande mmoja tu. Kiswahili kiliipelekea Buganda majina ya nguo za pamba, lakini hakikuchukua jina la nguo iliyosukumwa kando na pamba hiyo. Kwa hiyo kuitafutia lubugo jina la Kiswahili si upambaji wa kamusi. Ni kulipa deni.

4.0 Maonyesho na lugha yake

Tangu mwaka 1999 Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na maonyesho ya mafundi na wajasiriamali wadogo yaliyojulikana kama Jua Kali/Nguvu Kazi, ambayo huhama kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 2018 yalifanyika Eldoret, mwaka 2021 Mwanza, na mwaka 2022 Kampala. Jina lenyewe ni somo la lugha. "Jua kali" ni msemo wa Kenya, uliotokana na mafundi wafanyao kazi bila paa. "Nguvu kazi" ni msemo wa Tanzania, uliovuma wakati wa sheria ya kazi ya mwaka 1983. Waandaaji hawakuchagua mmoja na kuutupa mwingine. Waliiweka misemo yote miwili pamoja. Hata neno la tukio linaandikwa kwa namna mbili: Wakenya huandika "maonyesho" na Watanzania wengi "maonesho", na hakuna fundi aliyekosa mnunuzi kwa sababu ya herufi hiyo.

Fundi wa Uganda aletaye kazi zake katika maonyesho ya Kenya magharibi hupitia hasa Busia au Malaba. Katika vituo vya mpakani, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Cheti hudai jina la bidhaa. Bandani nako mnunuzi hudai jina. Pale palipoandikwa maelezo kwa Kiingereza pekee, mtalii huambiwa kuwa ile ni nguo ya kifalme yenye historia ya karne nyingi, lakini jirani aliyetoka Bumala au Amagoro huambiwa kwa mdomo kuwa ni "gome". Gome, katika fikra za Mswahili, ni kitu cha kuchemshia dawa au cha kuwashia moto. Nani atatoa bei ya nguo kwa kitu kama hicho?

5.0 Jina: ubugo, mbugo

Wapo watakaosema kuwa "nguo ya gome" inatosha, kwa kuwa inaeleweka bila maelezo. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina kasoro mbili. Kwanza, ni maelezo wala si jina. Hatuiti kiondo "kikapu cha katani cha mistari", ingawa neno hilo lilitoka katika lugha za bara na likapokewa. Pili, linaharibika mara tu linapokutana na kitenzi, kama itakavyoonekana hapa chini.

Sarufi linganishi inatupa njia iliyo nyepesi zaidi. Katika Kiganda, lubugo ina wingi wa mbugo, au kwa irabu tangulizi, olubugo na embugo. Hiyo ni ngeli ile ile ya olulimi na ennimi, ambayo Kiswahili huisema ulimi na ndimi. Kiambishi lu- cha Kiganda hulingana na u- ya Kiswahili. Kwa hiyo lubugo ikiingia katika Kiswahili kwa mlango wa sarufi itakuwa ubugo, na wingi wake mbugo, sawasawa na ubao na mbao, ubavu na mbavu, ubawa na mbawa. Hakuna sauti ngeni, wala hakuna upatanisho wa kubuni: ubugo huu umelainika, mbugo hizi zimelainika. Mti wenyewe utakuwa mtuba, wingi mituba.

Mzungumzaji wa Kiluhya wa Busia hatapata taabu, kwani yeye huiita lugha yake Lusamia au Lukhayo, na kiambishi hicho anakijua tangu utotoni. Kwa Mteso wa Malaba, ambaye lugha yake si ya Kibantu, umbo la u-/mb- ni lile alilokwisha kuzoea katika Kiswahili. Kufanana kwa mbugo na mbuga au mbung'o ni kwa sauti tu, muktadha utayatenganisha.

6.0 Kitenzi: kufua

Kiganda kina kitenzi mahususi cha kazi hii, okukomaga, na fundi wake huitwa omukomazi. Kiswahili kitatumia kitenzi gani? "Kuponda" hakifai, kwa kuwa kilichopondwa kimevunjika au kimesagika, na fundi wa ubugo hujihadhari sana asilipasue gome. "Kugonga" ni pigo la mara moja, kama la mlango. "Kutwanga" kina kinu ndani yake.

Kitenzi kinachofaa ni "kufua". Kiini cha maana yake ni kupiga ili kuleta hali mpya. Tunasema kufua chuma, kufua dhahabu, kufua nazi, na hata kufua umeme. Kufua nguo kwenyewe kunatukumbusha vazi linalopigwapigwa juu ya jiwe mtoni. Basi kazi hii iwe kufua mbugo, mtendaji wake awe mfua mbugo, na ufundi wenyewe ufuaji wa mbugo.

Pingamizi liko wazi: je, msikilizaji hatafikiria sabuni? Asikiaye "mfua dhahabu" hafikirii sabuni, kwa sababu nomino imekwisha kumwelekeza. Lakini tukishikilia "nguo ya gome", tutalazimika kusema "kufua nguo ya gome", na hapo kila mtu ataona beseni. Hivyo jina na kitenzi hutegemeana. Anayeunda istilahi moja bila kuijaribu pamoja na jirani zake hujenga ukuta usio na kona.

7.0 Mfano wa maelezo ya bandani

Istilahi hupimwa kwa matumizi. Mfano ufuatao ni wa kibandiko kinachoweza kuwekwa kando ya bidhaa katika maonyesho:

"Huu ni ubugo. Umefuliwa kwa gome la ndani la mtuba, bila uzi na bila kufumwa. Gome liliambuliwa msimu wa mvua. Mti haukukatwa, na utavunwa tena. Rangi yake imetokana na jua. Zamani huko Buganda kila mtu aliuvaa. Leo huvaliwa katika kutawaza wafalme na kuzika wapendwa. Usiufue kwa kuusugua."

Sentensi ya mwisho imewekwa kwa makusudi. Kitenzi kimoja kimetumika kwa maana mbili katika maelezo mafupi, na msomaji hakupotea.

8.0 Hitimisho

Huenda ikasemwa kuwa uundaji wa istilahi ni kazi ya mabaraza na taasisi. Ni kweli kwamba wao ndio wanaosanifisha. Hata hivyo, Busia ina ushahidi mwingine. Wachukuzi wa baiskeli waliovusha abiria kati ya vituo viwili vya mpakani waliita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakalirudia mara mbili, na "bodaboda" ikazaliwa. Haikungoja kikao. Leo imo katika kamusi, na hutamkwa Mombasa na Mwanza.

Mpaka uliokipa Kiswahili neno la chombo cha kuvukia unaweza kukipa pia neno la nguo inayovushwa. Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili ni mwepesi na uko karibu: yatakapofanyika maonyesho mengine katika ukanda huu, wafike bandani, wamsikilize fundi akisema kwa lugha yake, na wamsaidie kuandika kibandiko cha pili kando ya kile cha Kiingereza. Fundi akiondoka na bei bora kidogo, na mnunuzi akaondoka akijua kuwa amebeba ubugo wala si gome, lugha itakuwa imeanza kulipa deni lake.